Kompyuta Iliyotuma Ujumbe Tukiwa Kanisani

Nilimwita wifi yangu mwizi siku ya Jumanne asubuhi, mbele ya mume wangu na mbele ya jirani aliyekuja kuazima kinu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonitia aibu kuliko mengine yote, na nimeamua aibu yangu niiseme mwenyewe.

Wifi huyo ni dada mkubwa wa mume wangu. Ni mjane, analima tumbaku Urambo, na alikuja kwetu Ng'ambo, mjini Tabora, kutibiwa jicho. Daktari alitaka akae mjini miezi miwili ili kila wiki aangaliwe. Alifika na begi moja, debe la karanga na kuku wawili waliofungwa miguu, akanikabidhi kuku na kusema hakuja kula bure. Ndivyo alivyo. Hata ukimpa maji anauliza nani ameyachota.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilipopata kiinua mgongo, wenzangu walinunua pikipiki za kukodisha, wengine wakajenga vyumba vya kupangisha. Mimi nilinunua kompyuta ya mezani. Watu walicheka. Kuna aliyeniuliza kama natafuta mchumba Ulaya, na mume wangu akiwa amekaa pale pale. Niliiweka kwenye kona ya sebule, juu ya meza niliyokuwa nikisahihishia madaftari, nikaifunika kitambaa cha kufuma. Baada ya mwaka mmoja waliocheka walikuwa wanakuja kuchapiwa kadi za harusi, barua za kuomba uhamisho, na ratiba za ibada za mazishi. Nikimaliza kazi za watu, nachapa nyimbo za Kinyamwezi za kwaya yetu ya Kimoraviani, zile ambazo kina mama wazee wanaziimba kwa moyo na hazijawahi kuandikwa popote.

Intaneti naipata kwa modemu, kile kijiti kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta kikiwa na laini ya simu ndani yake. Desturi yangu ilikuwa kuweka vocha kubwa mwanzoni mwa wiki, halafu kila nikihitaji nakata bando dogo. Nilifanya hivyo miaka minne bila tatizo.

Wiki ya pili tangu wifi afike, salio likaanza kuyeyuka. Naweka Jumatatu, Jumatano halipo. Mwanzoni nilidhani nimesahau, maana umri ukishaenda mtu anajishuku mwenyewe kabla ya kumshuku mwingine. Nikaanza kuandika kwenye kipande cha karatasi. Sikuwa nimesahau.

Kilichonivunja ni msiba. Mama mmoja wa kwaya alifariki, na familia yake ikanipa kazi ya ratiba ya mazishi: picha yake, wasifu, nyimbo tatu alizozipenda. Nilichapa Jumapili mchana kutwa. Jioni nikataka kuituma kwenye steshenari ya mjini ichapwe kabla ya kufunga. Salio hakuna. Nikakimbia kibandani, nikanunua vocha, nikaingiza, nikainuka kumpokea mgeni mlangoni. Niliporudi kukata bando, salio halitoshi. Vocha ya pili nayo ikaenda hivyo hivyo, nikiwa bado natafuta miwani. Steshenari ikafungwa. Jumatatu tulimzika mama yule bila ratiba. Mchungaji alisoma wasifu kutoka kwenye daftari la mtoto wa shule, akakosea jina la kijiji alikozaliwa, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye kwaya nikilisikia kosa hilo, nikijua kwamba lililo sahihi liko sebuleni kwangu.

Kwa hiyo Jumanne nilikuwa na hasira, na hasira ilitafuta mtu. Kabla ya wifi kuja hapakuwa na wizi. Wifi anakaa peke yake sebuleni mimi nikienda sokoni. Wifi anapenda kusikiliza nyimbo za kwaya kwenye kompyuta, jicho likiwa limefungwa bandeji. Nikayajumlisha.

"Wifi," nikamwambia, "kama ulikuwa unahitaji vocha ungeniomba. Kuniibia ndani ya nyumba yangu ni kitu kingine."

Mume wangu aliacha kutafuna. Jirani alikikumbatia kinu kama mtoto. Wifi alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya.

"Nimekuibia nini?"

"Salio. Kwenye modemu."

"Modemu ndiyo ipi?"

Nikamwonyesha. Akaiangalia kwa jicho lake moja, kwa muda mrefu.

"Wifi yangu," alisema, "mimi ni mkulima. Nimeibiwa na watu waliosomea kuiba. Kuna mwaka alipita mnunuzi wa karanga kijijini kwetu na mizani yake. Gunia langu, nililolinyanyua kwa mgongo huu, kwake likawa jepesi. Kila mtu akaanza kumshuku mwenzake, mume anamwambia mke umechota, mke anamwambia mume umeuza. Nyumba mbili zilikaribia kuvunjika. Mimi nikasema hapana, hebu tupime gunia moja mara mbili, kwake na kwa mwingine. Tukakuta mwizi ni mizani."

Akaweka kisu chini.

"Sasa wewe ni mwalimu. Kabla hujanipima mimi, umepima hicho kidude?"

Mume wangu, ambaye huongea mara chache, alisema tu, "Ameuliza swali."

Nilitaka yaishie hapo, niombe radhi kwa maneno ya nusunusu kama tunavyofanya. Wifi alikataa. Alisema hataondoka na jina hilo mgongoni, na wala hatalala kwa jirani. Tutapima. Na jirani arudi kesho kushuhudia, maana alishuhudia tusi.

Kwa hiyo tulipima. Jumatano nilinunua vocha, nikaiingiza tukiwa wote wanne, kisha tukaitoa ile laini kwenye modemu na kuiweka kwenye simu ya wifi, kitochi chake cha zamani kilichofungwa kwa mpira. Simu ikawekwa juu ya kabati la vyombo. Alhamisi asubuhi tukaangalia: salio lote lipo, halijapungua hata kidogo. Tukairudisha laini kwenye modemu, modemu kwenye kompyuta, nikaiwasha, na wote tukatoka nje. Tulikaa barazani tukimenya karanga za lile debe kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana. Wifi alikaa mahali ambapo mikono yake inaonekana na kila mpita njia. Mtu akitaka kwenda ndani kunywa maji, alisindikizwa. Jirani alianza kwa kucheka, akaishia kuwa mkali kuliko sisi sote. Alimsindikiza hata mume wangu.

Saa saba niliitoa laini, nikairudisha kwenye kitochi, nikabonyeza namba za kuangalia salio. Nilisoma, nikasoma tena, nikampa jirani asome.

"Imekula nusu," jirani alisema. "Na hakuna mtu ndani."

Wifi hakusherehekea. Alijipangusa maganda kwenye khanga, akanigeukia. "Sasa sema."

Nikasema. Si nusunusu. Nilisema nimemsingizia, nimemwita jina asilostahili ndani ya nyumba ya mdogo wake, na kwamba naomba anisamehe mbele ya waliosikia. Aliitikia kwa Kinyamwezi, akaniita mayu, mama, jina ambalo hakuwahi kuniita kabla. Kisha akauliza: "Na huyo aliye ndani ya mashine, tunamwacha?"

Hatukumwacha.

Ijumaa nilikwenda kwenye ofisi ya mtandao wa simu. Wifi alisema anakuja. Nilimwambia foleni ni ndefu na jicho lake linahitaji kupumzika. Alijibu kwamba jicho linalouma ni moja, na la pili linaona vizuri kabisa.

Dirishani palikuwa na dada mpole, amesuka vizuri, anaongea kama amekariri. Aliangalia mashine yake akasema, "Mama, salio lako linakatwa na huduma ulizojiunga."

"Sijajiunga na huduma yoyote."

"Mfumo unaonyesha umejiunga."

"Zipi?"

Akashusha sauti. Alisema ni za kawaida tu, atanitoa. Nikamwambia azisome.

"Mama, pengine nikuandikie."

"Soma kwa sauti, mwanangu. Kama ni zangu nitazijua."

Akasoma. Nyota yako ya leo. Matokeo ya mpira wa Ulaya. Utabiri wa bahati. Na ya nne, akakohoa kidogo, Siri za Chumbani. Foleni nzima ikacheka. Kijana mmoja nyuma akasema, "Bi mkubwa bado yumo!" na vicheko vikaongezeka.

Nilisikia uso ukiwaka. Mimi ni mtu wa kwaya, nimefundisha nusu ya watu wa mtaa ule. Kwa sekunde moja nilitamani kusema basi, asante, nitoe tu, niende zangu. Ndipo nilipoelewa namna wizi huu unavyoishi. Unaishi kwa sababu mtu aliyeibiwa anataka kuondoka dirishani haraka.

Nikageuka nyuma. Niliwaangalia kama nilivyokuwa naliangalia darasa la nne. "Mnacheka," niliwaambia. "Nani kati yenu ameangalia zake?"

Kicheko kikapungua. Mzee mmoja aliyevaa balaghashia alitoa simu yake mfukoni, akaanza kuitazama.

Nikamgeukia dada wa dirishani nikamwomba tarehe na saa za kila ujumbe uliotumwa kujiunga. Alisita, nikasubiri. Akanichapia karatasi. Ujumbe ulikuwa umetumwa kutoka kwenye laini yangu, tena mara nyingi, kwenda kwenye zile namba fupi za kulipia. Mmoja ulitumwa Jumapili, saa nne na robo asubuhi.

"Jumapili saa nne na robo," nikasema, "mimi nilikuwa kanisani, nimesimama sauti ya pili. Mume wangu alikuwa kwenye benchi la tatu. Huyu hapa alikuwa pembeni yake. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli."

"Lakini mama, ujumbe umetoka kwenye laini yako. Kwa hiyo ni wewe."

"Umetoka kwenye laini yangu. Haukutoka kwangu. Hayo ni mambo mawili."

Akamwita bosi wake. Bosi alikuja na tabasamu, akaniambia mitambo ya siku hizi ni migumu kidogo kwa watu wa rika letu, na pengine wajukuu walichezea. Nilimwambia sina mjukuu Tabora. Nikamwambia pia kwamba mababu zetu katika mji huu walikuwa wapagazi, walibeba mizigo ya watu hadi pwani, lakini hakuna Mnyamwezi aliyeinua mzigo kabla ya kujua una nini na uzito gani. Huu sikuufunga mimi, na siubebi. Wifi aligonga sakafu mara moja kwa fimbo aliyotembelea kwa sababu ya jicho. Walinitoa kwenye huduma zote nne siku ile, na nikadai waifunge laini isiweze kutuma ujumbe wowote wa kulipia. Walisema hilo halijazoeleka. Nilisema nitakaa. Lilifanyika.

Kurudishiwa fedha lilikuwa jambo la fomu, na fomu ilikuwa njiani kutoka makao makuu. Nilirudi wiki iliyofuata, haijafika. Nilirudi tena. Ilipofika, chini kabisa ilikuwa imeandikwa kwamba mteja anakubali makato yalitokana na uzembe wake. Nilichukua kalamu, nikaukata mstari ule kwa rula, ndipo nikasaini. Bosi alisema fomu iliyokatwa haipokelewi. Nikamwambia basi aniandikie barua ya kuikataa, aweke jina lake na muhuri. Aliipokea. Walirudisha makato ya mwezi mmoja, si yote. Niliyachukua, na nikawaambia wazi kwamba sijashukuru.

Lakini kufunga laini si kumtoa mwizi. Bado alikuwa ndani ya kompyuta yangu, na sikutaka kuishi naye hata kama amefungwa mdomo.

Fundi wa kwanza, mwenye kibanda karibu na soko, aliniambia mashine imezeeka, anayo nyingine nzuri ya kuniuzia. Mume wangu naye, kwa nia njema, alisema labda tuiuze, tumepata usumbufu wa kutosha. Nilimjibu kwamba mwizi akiingia shambani, hatuuzi shamba. Hakurudia.

Nikamtafuta mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha kusoma akiwa na meno mawili ya mbele yaliyong'oka. Leo ni mama wa watoto watatu na anafundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi. Alikuja Jumamosi na mwanawe mdogo mgongoni, akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaketi mbele ya mashine. Hakunibembeleza.

"Mwalimu, uliweka programu yoyote ya bure mwezi huu au uliopita?"

Nikawaza. Nikakumbuka, na nikatamani nisikumbuke. Wifi alipofika na jicho lake limefungwa, nilimwonea huruma kwa kukaa kutwa bila cha kufanya. Nikatafuta programu ya kupakua nyimbo za kwaya bila malipo. Ilipojiweka, ilileta maswali mengi kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, na kila swali nilijibu Ndiyo. Nilikuwa hata naiacha kompyuta ikiwaka tukiwa kanisani, ili nyimbo zishuke.

"Umemfungulia mlango mwenyewe," alisema. "Programu ya nyimbo ilikuja na mwenzake amejificha. Huyo mwenzake ndiye anayeamrisha modemu itume ujumbe, halafu anafuta alama. Anayezimiliki hizo namba fupi analipwa kwa kila ujumbe."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Kubonyeza ni kwako. Kuiba ni kwake."

Alifanya kazi tangu asubuhi hadi alasiri, na hakunifanyia. Alinifanya nifanye mimi. Nyimbo zangu za Kinyamwezi na kazi za wateja tulizihamishia kwenye flashi, faili za maandishi na picha peke yake, bila programu hata moja. Kisha tukaifuta kompyuta yote na kupiga windo upya, yaani kuiwekea upya mfumo wa kuiendesha. Nilipoona kioo kikiwa cheusi nilishika kifua. Wifi aliketi nyuma yetu akiuliza kila hatua maana yake, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Kompyuta sasa ina milango miwili ya kuingilia. Wa kila siku hauna ruhusa ya kuweka programu yoyote. Nikijaribu, unadai neno la siri. Mlango wenye ruhusa naufungua mara chache, na neno lake la siri nililitunga kwa wimbo wa Kinyamwezi ambao hata mchungaji haujui. Kinga ya virusi inajisasisha yenyewe. Kwenye laini siachi salio. Nanunua bando moja kwa moja. Na nikimaliza kazi nachomoa modemu, naiweka kwenye kikombe kabatini. Mwanafunzi wangu alisema hiyo ya mwisho ndiyo kinga anayoipenda kuliko zote, kwa kuwa hakuna programu duniani inayoweza kufungua kabati.

Dirisha likijitokeza kwenye kioo na kunitisha kwamba kompyuta yangu iko hatarini, nibonyeze hapa haraka, sibonyezi. Nalisoma taratibu, neno kwa neno, nikitafuta makosa ya sarufi. Huwa yapo.

Wifi alipona jicho. Alikaa wiki tatu zaidi ya alizopangiwa, kwa hiari yake, akasema anataka kuona mwisho. Siku ya kuondoka tulimsindikiza stesheni, na jirani alikuja pia.

Baada ya hapo nilisimama kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimwomba kiongozi dakika kumi. Nilieleza yote: programu ya bure, Ndiyo zangu zote, wifi niliyemsingizia, ratiba ya mwenzetu ambayo haikufika kaburini. Nilitaja huduma zote nne kwa majina, na ya nne niliitaja kwa sauti ileile niliyotajia tatu za kwanza. Wapo waliotazama chini, na mama mmoja aliguna kwamba mambo mengine si ya kusemea kanisani. Nikamwambia wizi ni wa kusemea popote.

Siku mbili baadaye alikuja nyumbani mzee wa kanisa, mtu mzito, mwenye kompyuta ya mkononi aliyonunuliwa na mwanawe. Alizungumzia mvua. Akazungumzia bei ya mahindi. Alipomaliza chai yake alisogeza kiti.

"Mwalimu, ile karatasi uliyopewa dirishani," alisema, "mimi naweza kuipata? Salio langu nalo linayeyuka."

"Unaweza. Nenda na kitambulisho."

"Na ile huduma ya nne..." Akaangalia mlango. "Naomba mke wangu asijue."

"Mke wako anajua salio linakwisha?"

"Anajua. Anadhani nina mwanamke Nzega."

Nilijizuia kucheka, maana kwake halikuwa jambo la kucheka. Walikuwa hawajasemezana wiki mbili.

"Basi mtaenda dirishani wawili," nilimwambia. "Na yeye ndiye atakayeomba wasome kwa sauti."

Alikataa, akakataa tena, akaondoka bila kuaga vizuri. Jumatatu iliyofuata niliwaona wakipita mbele ya nyumba yangu kuelekea mjini, mke akiwa mbele na mkoba kwapani, mume nyuma yake hatua mbili, amebeba kompyuta ndani ya mfuko wa sandarusi.